Sekunde 60 katika mkia wa Uranus

Kisa chenyewe kina urefu wa dakika moja.

Tarehe 24 Januari 1986, chombo cha Marekani kiitwacho Voyager 2 kiliipita sayari ya Uranus, kikakata mkia wake wa sumaku kikitoka, kisha kikashika njia ya kwenda Neptuni. Hakikuizunguka sayari wala hakikurudi. Ziara nzima ilichukua saa kama 45, na tangu siku hiyo hakuna chombo kingine kilichofika pale. Ndani ya saa hizo 45 zimo sekunde 60 hivi ambazo mstari wa kipimo cha sumaku ulipanda, ukashuka, ukatulia tena. Sekunde hizo zilirushwa duniani pamoja na data nyingine, zikahifadhiwa mahali ambapo mtafiti yeyote angeweza kuzichukua, na zikakaa humo miaka zaidi ya 30.

Mwaka 2019 Gina DiBraccio na Daniel Gershman, watafiti wa kituo cha Goddard cha NASA, walitoa maelezo yao katika jarida la Geophysical Research Letters. Walisema kwamba katika dakika ile Voyager 2 kilipitiwa na plazimoidi, yaani furushi kubwa la plazima (gesi yenye chaji ya umeme) lililofungwa ndani ya uga wa sumaku na kung'oka kutoka mkia wa sayari. Ilikuwa mara ya kwanza kitu cha aina hiyo kutambuliwa Uranus. Habari zilienea mwezi Machi 2020, na waandishi wengi wakaandika kwamba Uranus inavuja hewa. Neno hilo nitalirudia mbele, maana linapotosha.

Kwanza ni kuuelewa mkia wenyewe.

Jua halitoi mwanga na joto peke yake. Linapuliza pia mkondo wa protoni na elektroni unaokwenda kila upande kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na mkondo huo huburuta uga wa sumaku wa Jua. Huo ndio upepo wa jua. Sayari yenye sumaku yake hujitengea himaya ndani ya upepo huo. Upande unaotazama Jua himaya hubonyea. Upande wa pili huvutwa nyuma na kurefuka mno, ukawa mkia. Mkia wa Mshtarii, kwa mfano, una urefu wa kutisha: chombo cha New Horizons, kilipokuwa safarini kwenda Pluto mwaka 2007, kiliufuata kwa miezi kadhaa hadi umbali wa zaidi ya mara 2,500 ya nusukipenyo cha Mshtarii. Huo ni umbali unaozidi ule wa kutoka hapa duniani hadi kwenye Jua. Na mwaka 1981, Voyager 2 chenyewe kilikutana na dalili za mkia huohuo kilipokuwa kinaikaribia Zohali.

Ukiukata mkia wa sumaku kama unavyokata gogo na kuutazama kwenye jeraha, utaona nusu mbili. Katika nusu moja uga unaelekea kwenye sayari, katika nusu nyingine unatoka. Kati ya nusu hizo umebanwa ubapa mwembamba wa plazima, ile gesi ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni, kwa hiyo inavutwa na kusukumwa na sumaku. Mambo yote ya maana hutokea kwenye ubapa huo. Pande mbili zinazopingana zikisogezwa karibu mno, uga hukatika na kujiunga upya kwa mpangilio mwingine. Kipande cha karibu hurudi kwa kishindo kuelekea kwenye sayari. Kipande cha mbali hujifunga chenyewe kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba, na kikishajifunga hakina tena kinachokishikilia. Kinaondoka na mzigo wake wote. Mfuko huo ndio plazimoidi.

Plazimoidi zilikwisha kuonekana kwenye mkia wa Dunia, wa Utaridi, wa Mshtarii na wa Zohali. Kwa hiyo ungetarajia zionekane Uranus pia. Lakini kutarajia si kuona, na Uranus ni sayari inayopenda kuvunja matarajio.

Sayari hii imelala ubavu. Mhimili wake umeinama nyuzi 98, hivyo katika sehemu fulani za mwaka wake mrefu ncha moja huelekezwa karibu moja kwa moja kwenye Jua. Mwaka 1986 ndivyo ilivyokuwa: Voyager 2 kilipokuwa kinakuja, miezi na pete za sayari zilikuwa zimepangwa mbele yake kama duara za shabaha, na chombo kikapenya kama mshale. Juu ya ulalo huo, sumaku yake nayo imepinda nyuzi 59 kutoka kwenye mhimili wa kujizungusha, na kitovu cha sumaku hakipo katikati ya sayari bali kimesogea kando kwa karibu theluthi ya nusukipenyo. Hakuna aliyelitarajia hilo. Matokeo yake kwenye mkia ni haya: sayari inapojizungusha kwa saa 17 na dakika 14, mkia wote huzunguka pamoja nayo kuizunguka ile mstari ya kutoka kwenye Jua, na kwa kuwa habari za mzunguko huo huchukua muda kufika nyuma, mkia husokotwa. Ni kama mtu anayesokota kamba huku mwenzake akirudi nyuma nayo.

Ndani ya kamba hiyo inayosokotwa ndimo chombo kilimopita mara moja.

Kipimo chenyewe

Magnetomita za Voyager, yaani vifaa vya kupimia sumaku, zimefungwa kwenye mkono wenye urefu wa mita 13 unaochomoza kutoka mwilini mwa chombo. Sababu ni rahisi: chombo kina nyaya, swichi na mota, na kila mkondo wa umeme unazaa sumaku. Karibu na mwili wa chombo ungepima kelele za chombo chenyewe. Hata kwenye mkono huo viliwekwa vihisi viwili, kimoja mbali kuliko kingine, ili tofauti ya usomaji wao isaidie kutenga sumaku ya chombo na sumaku ya anga.

Tahadhari hiyo ilihitajika kwa sababu vinavyopimwa ni vidogo. Karibu kabisa na Uranus, kwenye umbali wa nusukipenyo 4.19 kutoka kitovu cha sayari, kipimo cha juu kilikuwa nanotesla 413. Hapo uliposimama, sumaku ya Dunia ni makumi ya maelfu ya nanotesla. Na kwenye mkia wa Uranus kiwango kinashuka hadi nanotesla chache tu. Plazimoidi inayopita huko haiji na tufani. Ni mtikisiko mdogo juu ya kitu ambacho tayari ni kidogo.

Kihisi kinasoma pande tatu kwa pamoja, kwa hiyo mtafiti anapata mistari mitatu, mmoja kwa kila upande, na wa nne wa nguvu ya jumla. Katika mkia, upande wa muhimu zaidi kwa kisa hiki ni ule unaokatiza ubapa wa plazima, wa juu na chini tuseme. Mkia ukitulia, kipimo cha upande huo ni kidogo na hakibadiliki sana. Mfuko uliojifunga ukipita, kwanza unakutana na ukuta wake wa mbele, ambako uga umeinuka, halafu kitovu, halafu ukuta wa nyuma, ambako uga umeinama. Mstari unapanda, unakatiza sifuri, unashuka upande wa pili, unarudi. Anayefanya kazi hii akiona umbo hilo hahitaji kuambiwa, kama daktari anavyolitambua pigo la moyo kwenye karatasi.

Sasa fanya hesabu ya wastani juu ya umbo hilo.

Kupanda na kushuka vinafutana. Wastani wake ni karibu sifuri, yaani sawasawa na pale ambapo hakuna kilichotokea. Ni kama mtu aliyeweka fedha benki asubuhi akazitoa zote jioni: ukitazama salio la mwisho wa siku tu, utaapa kwamba akaunti haikuguswa. Tukio lingekuwa kupanda tu, wastani ungeacha angalau kivimbe. Kwa bahati mbaya, alama inayoitambulisha plazimoidi ndiyo hasa ile ambayo wastani huimeza bila kuacha mfupa.

DiBraccio na Gershman walichora nukta moja kwa kila sekunde 1.92. Kwa kiwango hicho, sekunde 60 zinakuwa na nukta 31 hivi, na umbo linasomeka. Ukipanga data ileile kwa wastani wa sekunde 48, dakika hiyo inabaki na nukta moja au mbili, umbo limekwisha. Tena fikiria ukubwa wa ghala: saa 45 kwa nukta za sekunde 1.92 ni zaidi ya nukta 84,000. Thelathini na moja kati ya hizo ndizo kisa chetu. Nao hawakwenda kutafuta plazimoidi. Walikuwa wanapitia data za zamani kwa kufikiria safari za baadaye za kwenda Uranus na Neptuni, wakaamua kuisogelea mistari kuliko ilivyozoeleka, na ile mistari laini ikageuka kuwa na vilele na mabonde.

Hapa watu hupenda kuuliza: je, watafiti wa 1986 walizembea? Naona swali hilo halina haki. Timu ya magnetomita, iliyoongozwa na Norman Ness, ilikuwa na sayari ambayo haikujulikana hata kama ina sumaku ya maana. Walihitaji kujua nguvu ya sumaku hiyo, kupinda kwake, mahali pa kitovu chake, kasi ya mzunguko wake na sura ya mkia. Kwa maswali hayo, wastani ndio chombo sahihi. Mtikisiko wa dakika moja ni vumbi tu la kupangusa. Waliyapata majibu, na majibu hayo ndiyo tunayoyatumia hadi leo. Swali tofauti lilihitaji kuitazama data ileile kwa jicho tofauti, na swali hilo lilikuja kukomaa baadaye, baada ya vyombo vingine kukaa miaka kwenye mikia ya Mshtarii na Zohali na kutufundisha umbo la plazimoidi lilivyo.

Je, kweli ni plazimoidi?

Mashaka ya kwanza ni ya mkia kupepesuka. Mkia unaosokotwa unaweza kumpitisha msafiri kwenye ubapa wa plazima mara nyingi, na kila anapouvuka uga hugeuka. Lakini mgeuko huo huonekana zaidi kwenye upande unaolala kando ya mkia, ule wa kuelekea na kutoka kwenye sayari, kwa sababu umehama nusu moja ya gogo kwenda nyingine. Wa plazimoidi unaonekana kwenye upande wa kukatiza ubapa. Ukiwa na pande tatu, unaweza kuyatenganisha mambo hayo mawili, ingawa kwenye Uranus, ambako ubapa wenyewe umekaa upogo na unazunguka, inabidi kwanza ugeuze mihimili ya vipimo ifuate ulalo wa ubapa wa wakati ule. Ukikosea hatua hiyo unaweza kuona plazimoidi mahali ambapo hapana kitu.

La pili ni la wimbi. Mawimbi ya sumaku hupita kwenye plazima kila wakati. Ila wimbi kwa kawaida huja na wenzake, kupanda na kushuka kukifuatana. Hapa ni mara moja, limejitenga, na pande zake zinaoana.

La tatu ni la aina ya mfuko. Kuna plazimoidi ambazo ndani yake uga umejisokota kama uzi, na katikati yake nguvu ya jumla huongezeka kwa sababu uzi wa katikati una uga wake imara. Na kuna zile ambazo ni vitanzi vilivyofungwa tu, kitanzi ndani ya kitanzi, ambazo hazina uti katikati. Waliyoiona ni ya vitanzi, laini. Tofauti hii si ya mapambo. Mfuko wa vitanzi huhusishwa na sayari inayojirusha plazima yake yenyewe kwa kujizungusha: plazima iliyonaswa kwenye uga huzungushwa, inasukumwa nje, inauvuta uga nyuma hadi unakatika. Ule uliosokotwa huhusishwa zaidi na shinikizo la upepo wa jua. Kwa hiyo umbo lenyewe linadokeza injini iliyoutengeneza.

Kwa Mshtarii injini ya mzunguko ni jambo la kawaida. Mwezi wake Io, wenye volkano, hutapika karibu tani moja ya gesi kila sekunde, gesi hiyo inapata chaji, na sayari inayojizungusha kwa chini ya saa 10 inaitupa nje. New Horizons kilikutana na mafurushi ya chembe zenye nguvu yakiteremka mkiani, na kwa masafa marefu yalijirudia kila siku 3 au 4. Huko hakuna mwenye shaka kuhusu kinachoendesha. Uranus haina Io. Kilichomo ndani ya furushi lake huenda zaidi ni haidrojeni yenye chaji.

Ukubwa, na lile neno "kuvuja"

Makadirio yaliyotolewa ni ya umbo la silinda lenye urefu wa kilomita 204,000 au zaidi, na upana unaoweza kufika kilomita 400,000. Sayari nne zenye ukubwa wa Uranus zikipangwa mstari zingeingia kwenye urefu huo. Upana ukifika huko, ni zaidi kidogo ya masafa ya kutoka duniani hadi kwenye Mwezi.

Nambari hizi zinavutia, na kila mara nikiziona zimeandikwa peke yake bila maelezo najisikia vibaya kidogo. Magnetomita ya chombo kimoja hukupa muda tu: kitu kimeanza saa fulani kimeisha saa fulani. Haikupi urefu. Ili upate urefu unahitaji kasi ya kitu, na upana unahitaji kujua umekipitia katikati au pembeni. Vyote hivyo ni vya kukadiria kutokana na fizikia ya mkia. Ni makadirio ya wataalamu na yamefanywa kwa uangalifu, lakini si kama kupima ubao kwa futi.

Kutokana na furushi hilo moja watafiti walikadiria kwamba plazimoidi zinaweza kuwa zinabeba kati ya asilimia 15 na 55 ya plazima inayoondoka kwenye himaya ya Uranus. Utaona pengo lililopo kati ya ncha hizo mbili: ya juu inakaribia mara nne ya ya chini. Sioni aibu katika hilo. Ukiwa na tukio moja, uaminifu wako unapimwa kwa upana wa pengo unalokubali kuandika. Jambo la msingi ni kwamba hata ncha ya chini ingekuwa mchango mkubwa kuliko ule wa plazimoidi kwenye Mshtarii au Zohali.

Ama kuhusu kuvuja: ndiyo, plazima hiyo asili yake ni hewa ya juu ya sayari, na ikiondoka hairudi. Lakini Uranus ina uzito wa zaidi ya mara 14 ya Dunia, na sehemu kubwa ya tabaka lake la nje ni haidrojeni na heli. Kinachoondoka mkiani hakiwezi kuipunguza kwa namna yoyote ya kuonekana. Anayetaka kuona hewa ikipotea kwa hasara ya kweli aende akaitazame Mirihi, sayari ndogo isiyo na sumaku ya kuikinga. Thamani ya tukio la Uranus iko kwingine, katika kutuambia mkia wa namna ile unafanyaje kazi.

Siku ambayo Voyager 2 kilifika

Kisa kingeweza kuishia hapo kama si utafiti wa pili, uliotoka Novemba 2024 katika jarida la Nature Astronomy, ukiongozwa na Jamie Jasinski wa JPL, maabara ya NASA.

Wao hawakuitazama dakika ile. Walitazama siku zilizotangulia, Voyager 2 kilipokuwa bado nje kwenye upepo wa jua kikiikaribia sayari. Wakakuta kwamba muda mfupi kabla ya kufika, shinikizo la upepo wa jua lilipanda sana na kuibana himaya ya Uranus. Hali ya kubanwa kiasi hicho, kwa hesabu yao, hutokea kama asilimia 4 tu ya wakati. Chombo kilitembelea nyumba siku ambayo kuta zilikuwa zimesukumwa ndani.

Hilo linaeleza fumbo lililosumbua watu tangu 1986. Voyager 2 kilikuta mikanda ya mionzi yenye elektroni kali kupita matarajio, na papo hapo himaya ikiwa karibu tupu ya plazima. Uranus ina miezi mikubwa mitano yenye barafu, na miezi ya namna hiyo kwa kawaida hutoa chembe za maji zinazopata chaji na kujaza himaya. Hazikuwepo, na watu wakahitimisha kwamba miezi hiyo imekufa, haina chochote kinachoendelea ndani yake. Sasa inaonekana inawezekana kabisa kwamba plazima ilikuwepo siku chache kabla, ikafukuzwa na ule mbano. Chombo kingefika wiki moja mapema, huenda vitabu vingeandikwa vingine.

Ni sawa na kumpima mtu mapigo ya moyo mara moja tu katika maisha yake, na mara hiyo ikawa amemaliza kupanda ngazi za ghorofa kumi.

Na hapa ndipo dakika yetu inapopata uzito mpya, ingawa haya nayasema mimi kwa kuziweka tafiti mbili kando kwa kando. Safari moja ilitupatia makosa mawili ya wastani yanayotazamana. Kwenye mkia, tukio lilifanywa wastani likatoweka. Kwenye himaya nzima, tukio, yaani mbano wa siku chache, lilichukuliwa kuwa ndio wastani, likawa tabia ya sayari. La kwanza lilirekebishwa kwa kusogea karibu zaidi na data, la pili kwa kurudi nyuma na kutazama siku za kabla. Data ni ileile. Hakuna hata nukta moja iliyoongezwa tangu 1986.

Lakini ukiyakubali yote mawili, yanaanza kugombana. Ikiwa himaya ilikuwa imetoka tu kubanwa na plazima inafukuzwa, basi furushi lililompita Voyager 2 mkiani linaweza kuwa sehemu ya kufukuzwa huko, wala si mchozo wa kawaida unaotokea kila sayari inapojizungusha. Hapo ile asilimia 15 hadi 55 ingekuwa hesabu ya siku ya dharura inayotumiwa kueleza siku za kawaida. Upande wa pili nao una hoja: vile vitanzi laini vinaashiria injini ya mzunguko, na sayari haiachi kujizungusha kwa sababu upepo umevuma. Na ikiwa siku za kawaida himaya ina plazima nyingi kuliko tulivyodhani, basi mzunguko una mzigo mwingi zaidi wa kurusha, na mafurushi yangekuwa mengi au mazito zaidi. Binafsi naegemea upande huu wa pili, kwa sababu umbo ni ushahidi wa moja kwa moja na mbano ni ushahidi wa mazingira. Ila siwezi kumlaumu anayeegemea wa kwanza. Nukta 31 hazimtoshi mtu kuapa.

Kuna kisa kidogo cha pembeni kinachoonyesha jinsi kipimo kimoja kinavyozeeka. Saa 17, dakika 14 na sekunde 24 za mzunguko wa Uranus zilitokana na Voyager 2, na kosa lake lilikuwa la chini ya dakika moja. Kwa sayari inayojizungusha zaidi ya mara moja kwa siku yetu, kosa hilo hujilimbikiza, na baada ya miaka michache tu hakuna aliyeweza tena kusema ncha za sumaku ziko upande gani wa sayari. Ramani yote ya sumaku tuliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kuiegesha. Ilibidi kusubiri hadi 2025, watafiti walipofuatilia mianga ya ncha za Uranus katika picha za darubini ya Hubble za zaidi ya miaka kumi, ndipo mzunguko ukawekwa kwenye saa 17, dakika 14 na sekunde 52, yaani sekunde 28 zaidi ya ule wa awali.

Nambari hiyo ina kazi mkiani pia. Mwaka 2022 ripoti ya miaka kumi ya wanasayansi wa sayari wa Marekani ilipendekeza chombo cha kuizunguka Uranus kiwe cha kwanza katika safari kubwa mpya. Kikienda, mabishano niliyoyaeleza yanaweza kuamuliwa bila vifaa vya ajabu. Kiachwe mkiani kwa mizunguko kadhaa mfululizo ya saa 17 na dakika 14 na sekunde 52, magnetomita ikisoma bila kupumzika, na kihisi cha upepo wa jua kikiwa macho kila chombo kinapotoka nje ya himaya. Mafurushi yakija kwa mwendo wa mzunguko, hata siku upepo umetulia, injini ni sayari. Yakijikusanya nyuma ya kila mbano na kukosekana siku nyingine, injini ni Jua, na dakika ya 1986 ilikuwa bahati. Na data hizo zihifadhiwe kwa nukta zake zote, kabla mtu hajazifanyia wastani.